Mtu wa Kinanda

Nimeuza vitabu vya mitumba pale kituo cha Kawangware 46, Nairobi, kwa muda wa kutosha kujua kwamba msomaji hakiamini kitabu. Anakishika kama anavyoshika samaki sokoni: anakigeuza, anakinusa, anakibonyeza katikati. Wengine hufungua ukurasa wa mwisho kwanza, wakausoma wamesimama, halafu wakaniangalia kana kwamba nilitaka kuwauzia mbuzi mgonjwa. Kuna mama mmoja wa kanisa ambaye aliuliza kuhusu kila riwaya swali lile lile: "Hakuna majini huko ndani?" Vijana wa Kongo, mtaa wa hapo jirani, walishuku kitabu chochote kinene chenye maandishi madogo. Hicho ni cha mtihani, walisema, na mtu akisoma cha mtihani kwa hiari yake, huyo ana shida. Na wale wachache waliosoma riwaya nene za ng'ambo walishuku vile vyembamba vya mapenzi na vya upelelezi. Walivishika kwa vidole viwili mbele za watu, kisha jioni wakawatuma dada zao kuja kuvinunua.

Mimi niliwashuku wote. Katika biashara hii mtu akikusifia kitabu sana, ujue kuna kitu anaficha.

Nilitandaza vitabu juu ya gunia kando ya ukuta wa saluni ya mabati. Mwenye saluni alikuwa mwanamke wa Kitui, mwepesi wa mikono na mkali wa ulimi. Mwaka mmoja mvua ilikuwa haitabiriki, na siku ya kwanza iliponikimbiza ndani na magunia yangu, aliniangalia kupitia kioo akasema, "Hapa hatukai bure. Redio imekufa. Soma."

Basi nikawa nasoma. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, nami nikivigeuza kuwa Kiswahili chetu sentensi kwa sentensi, huku yeye akisuka na wateja wakisikiliza vichwa vimeinama. Jirani yetu wa tatu alikuwa mama mboga, aliyeuza sukuma na nyanya hapo nje, mtu wa Magharibi ya Kenya kama mimi. Mvua ikianza alifunika mboga zake kwa nailoni akaingia kukaa kwenye ndoo.

Hawa wawili hawakuwahi kukubaliana juu ya kitabu. Mwenye saluni alitaka mapenzi: daktari tajiri, nesi maskini, harusi. Mama mboga alitaka maiti ukurasa wa kwanza. Kabla hatujafika mbali alikuwa ameshamtaja muuaji, na akikosea alinuna hadi jioni na kusema mwandishi amedanganya. "Ile mtu inaanza ikiwa nzuri sana, ndiyo hiyo," alituambia. "Hata hapa mtaani. Mtu akikusalimia sana, angalia mfuko."

Siku moja nikaingia na kitabu ambacho hakuna aliyekitaka. Kilikuja kwenye mzigo kikiwa kimetoka jalada pamoja na kurasa za mwanzo, hivi kwamba hakikuwa na jina lake wala la mwandishi. Kilikuwa kinene. Nilikuwa nimeonja kurasa chache nikaona kinanivuta, nikataka kukisoma pamoja nao, bila kwenda mbele yao.

"Mbona haitaki kusema jina?" mama mboga akauliza. "Hiyo imeibwa."

Kilikuwa kisa cha nchi ya theluji. Mke wa mfuga nyuki anaishi na mumewe kando ya kijiji. Kinanda kikubwa cha kanisa, chenye mabomba marefu hadi darini, kinaharibika, na fundi analetwa kutoka mjini kukitengeneza. Fundi anahitaji nta ya kuzibia nyufa, na mke wa mfuga nyuki ndiye wa kuileta. Anaileta leo, anaileta kesho. Unaona mambo yanakoelekea.

"Hii baridi itaisha lini?" mwenye saluni alilalamika. "Hawa watu wanaandika hali ya hewa kama wanaogopa kuanza stori."

"Huyo fundi ako na bibi kwao," akasema mama mboga. "Mtakuja kuniambia."

Lakini mvua ilizidi, na hakuna aliyesema niache.

Mwanamke mmoja wa Kibera alitufikia wakati huo. Alikuwa mshonaji wa sare za shule huko Makina, mwembamba, mtaratibu. Alisema amekuja kumwona shangazi yake hapo Kongo na mvua imemshika, basi afadhali asukwe. Tulimpa kiti, nami nikaendelea nilipokuwa nimeachia. Sura ilipokwisha nikafunga kitabu. Hapo akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Na kesho yake alipeleka nta?"

Wiki mbili baadaye alirudi, kichwa kimefumuliwa. Rasta za mwenye saluni hazifumuki haraka hivyo. Zinakaa hadi uzichoke. Akarudi tena baadaye, na tena. Kabla hajasalimia aliuliza, "Mmefika wapi?" Tukimwambia tumesoma bila yeye, uso ulianguka.

Mama mboga ndiye aliyeanza. Mwanamke huyo alipokwisha kuondoka siku moja, akavuta ndoo yake karibu nasi.

"Kibera iko na saluni kila mlango. Mtu anatoka huko mpaka hapa kusukwa? Hebu niambieni."

"Anapenda mkono wangu," akasema mwenye saluni.

"Na shangazi? Mmewahi kumwona huyo shangazi?"

Nilicheka. Lakini neno likiingia haliombi ruhusa, na tangu siku hiyo nikawa naangalia. Niliona kwamba simu ya yule mwanamke ilikaa kifudifudi juu ya paja. Ikilia alitoka nje, akasimama nyuma ya saluni, akaongea chini chini na kucheka kicheko ambacho hakuwahi kukicheka nasi. Niliona viatu vyake vizuri mno kwa matope yetu. Nikifika pale fundi wa kinanda anapoongea, alikuwa akifumba macho.

Siku moja mama mboga alikuwa akimsema yule mke wa kitabuni, kwamba ni mtu wa kurudishwa kwao. Mwanamke wa Kibera alifumbua macho.

"Msimhukumu," alisema. "Nyinyi mnajua nini kuhusu nyumba ambayo hakuna mtu anaongea?"

Mama mboga alinigusa mguu kwa mguu wake. Mwenye saluni akavuta uzi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Niliendelea kusoma, lakini nakiri kwamba kuanzia hapo nilikuwa nasoma kitabu kimoja na kuangalia kingine kwenye kioo.

Basi Jumamosi moja, mwanamke huyo akiwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, mlango ukazibwa na mtu. Alikuwa mwanaume mkubwa mwenye ovaroli, mikono ina madoa madogo ya kuungua, yale ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Aliinama kuingia. Mwanamke alimwona kupitia kioo na mabega yake yakapanda.

"Mtu wa kinanda ni nani hapa?" yule mwanaume akauliza.

Hatukuelewa swali.

"Nimeuliza polepole. Mtu wa kinanda."

"Baba," mkewe akaanza, maana alikuwa mumewe.

"Nimekusikia na masikio yangu. Ulikuwa unaongea na dada yako kwa simu. Ukasema, 'Amesema, kinanda kikipona tutaenda pamoja. Lakini mimi simwamini.' Mara ya kwanza nikanyamaza. Juzi tena, kinanda, kinanda. Nani huyo?"

Mwanamke aliweka mkono mdomoni. Kwanza nilidhani analia. Alikuwa akicheka. Mwenye saluni akafuata, na mimi, na hata mama mboga, ambaye kesi yake yote ilikuwa inabomoka mbele ya macho yake. Tulicheka mpaka ndoo ikapinduka.

Yeye hakucheka. Alisubiri tumalize.

"Nimezunguka makanisa ya Makina yote," alisema. "Kila mwenye kinanda nimemuuliza. Kuna mmoja tulikaribia kupigana, na yeye hajui hata nasema nini."

Hapo kicheko kikatuishia. Niliinuka nikampa kitabu.

"Ni stori, baba. Mtu wa kinanda ako huku ndani."

Alikipokea. Akatafuta jalada, hakuliona. Akageuza nyuma, akageuza mbele.

"Haina jina."

"Ilikuja hivyo."

"Mnanifichia mtu ndani ya kitabu haina jina."

"Si usome mwenyewe?" mwenye saluni akamwambia.

"Hapana. Huyu asome," akaninyooshea kidole. "Asome pale alikuwa anasoma, na asiruke."

Mama mboga alimwachia ndoo. Akaketi, magoti yakamfika kifuani. Nilisoma nikifuata kila neno kwa kidole, kwa sababu mtu alikuwa ananisikiliza ili anishike. Ilikuwa sura ambayo mfuga nyuki anaingia stoo na kuona kwamba nta imepungua kuliko kanisa lolote linavyoweza kutumia. Anasimama hapo. Halafu anachukua chombo chake cha moshi na kwenda kwa nyuki.

"Hapo," akasema yule mwanaume. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Huyu bwana ako na kurasa ngapi?"

"Vipi?"

"Tangu mwanzo. Huyu mwenye aliandika amempatia kurasa ngapi? Bibi ako kila mahali. Fundi ako kila mahali. Mwenye nyumba anaingia kulala, anatoka."

Katika miezi yote ile hakuna aliyekuwa ameuliza hivyo. Tulikuwa tumebishana kama fundi ni mwongo, kama mke ni mjinga, kama theluji ni nyingi. Mfuga nyuki tulimpita kama unavyopita nguzo ya stima.

"Si anaboesha?" mwenye saluni akasema.

"Anaboesha kwa sababu anafanya kazi."

Mkewe alikuwa akimwangalia kwenye kioo. Sikuweza kusoma uso huo, na nilijaribu.

Mwanaume akasimama, akaingiza kitabu ndani ya ovaroli. "Naenda nayo. Nitaisoma mwenyewe, nijue kama ni kweli." Nilitaka kusema ni mali yangu, lakini si kila mali ni ya kugombaniwa. Alitoka akasimama nje kwenye manyunyu mpaka mkewe alipomaliza kusukwa, kisha wakaondoka, yeye mbele, mke nyuma.

Baada ya hapo yule mwanamke aliacha kuja. Wiki zikapita. Sisi tulikuwa tumebaki katikati ya kisa, bila kitabu, bila jina la kutafutia kingine. Nilileta vya mapenzi na vya upelelezi, wakavisikiliza bila hamu. Kila aliyeketi kwenye kile kiti alisikia habari za mwanamke wa Kibera. Mama mboga alisema mume amekichoma kitabu. Siku nyingine akasema, akichambua sukuma bila kuinua kichwa, "Au amemchapa."

Hilo lilinikaa. Sikuwa nimemwamini yule mwanaume tangu alipoingia, na sasa sikujiamini hata mimi, niliyekuwa nikisoma kwa raha huku nikimchunguza mkewe. Asubuhi moja kulipokauka nikamwachia mama mboga gunia langu, nikaenda Kibera kwa miguu. Nilivuka barabara ya Ngong nikashuka hadi Makina, nikamuuliza muuza mkaa mahali anapofanya kazi fundi wa kuchomelea ambaye mkewe hushona sare. Nilijiambia nafuata kitabu.

Nilimkuta ameinama juu ya geti, cheche zinaruka. Aliponiona alizima mashine akapandisha miwani.

"Umefuata kitabu."

"Na kumsalimia mama."

"Ako. Mzima." Akanitazama kwa muda. "Mlikuwa mnafikiria nini?"

Nilimuuliza kama amemaliza kusoma.

"Nilimaliza."

"Iliishaje?"

Alipangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Yule mama alirudi kwa bwana yake. Akapiga magoti, akaomba msamaha. Fundi akakufa."

"Alikufa na nini?"

"Bomba ya kinanda ilimwangukia."

Nimesoma vitabu vingi vibaya maishani, na hata katika hivyo mabomba hayamwangukii mtu kwa wakati unaofaa hivyo.

"Na kitabu kiko wapi?"

"Watu wameazima."

"Watu gani?"

"Watu," akasema, akashusha miwani.

Mkewe alikuwa hatua chache mbele, mlangoni kwake, akishona kaptula za buluu. Alifurahi kuniona, na mimi nilimkagua mikono, shingo na uso, bila aibu. Aliona ninachofanya.

"Hajanigusa," alisema. "Si mtu wa hivyo. Keti."

Alinipa chai. Akaniambia mumewe alisoma kitabu kila mchana kazini, chakula mkono mmoja, na alipokimaliza alikuja kumsimulia mwisho, jambo ambalo lilimshangaza kwa sababu mumewe huwa hasimulii kitu.

"Anasema yule mama alitoroka na fundi mpaka mjini. Wakafika, fundi akamwacha kwa kituo. Akakufa na baridi." Akakata uzi kwa meno. "Nililia, unajua. Wewe amekuambia aje?"

Nikamwambia. Aliacha kushona.

"Bomba?"

"Bomba."

Alicheka kidogo, halafu akaacha, akaangalia kule cheche zilikokuwa zinaruka.

"Kwa hivyo mwisho ni kitu kingine," alisema.

Haikupita wiki mbili akafika Kawangware. Hakuwa amefumua nywele. Alikuwa amebeba kifurushi cha kitambaa cha sare, na ndani yake kulikuwa na kitabu chetu. Alikikuta ndani ya boksi la vijiti vya kuchomelea, chini kabisa. Mama mboga aliacha wateja. Mwenye saluni aliketi kwenye kiti chake mwenyewe, jambo nisilowahi kuliona.

Nilisoma sura ya mwisho. Kinanda kinapona. Sikukuu inafika, kijiji chote kiko kanisani. Fundi ameondoka alfajiri bila kumuaga mtu. Mke anajua hivyo anapoona kiti cha fundi kitupu, na anakaa wima kando ya mumewe. Kinanda kinapoanza kulia, mfuga nyuki anasema bila kumwangalia, "Nta ilikuwa nzuri." Mke anasema, "Ndiyo." Wanarudi nyumbani, mume anawasha moto, na kitabu kinakwisha.

Niliinua macho kutoka ukurasani.

"Sasa nani ameshikwa?" mama mboga akalipuka. "Miezi yote hii!"

"Nimevumilia baridi ya bure," mwenye saluni akasema. "Hawa wakubwa wa kuandika hawajui kumaliza. Wale wangu wa mapenzi wako na harusi, unaenda nyumbani umeshiba."

"Hata maiti moja," mama mboga akasema.

Mwanamke wa Kibera hakubishana nao. "Alijua," alisema. "Bwana yake alijua tangu mwanzo."

Nilikuwa bado nimekishika kitabu wazi. Kurasa zote za nyuma zilikuwa na alama za vidole vyeusi vya karakana, lakini ule wa mwisho ulikuwa mweusi kuliko zote, pembe imelegea kwa kushikwa. Nilimwonyesha. Aliuangalia ule ukurasa kwa muda mrefu kuliko nilioutumia kuusoma.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa nimejizuia wakati wote huo, na hapo nikashindwa.

"Nikuulize. Kuna mtu?"

Alisimama. "Hata wewe?"

"Nauliza tu."

"Nilikuwa nakuja kusikia watu wakiongea. Kwetu kuna mashine yangu na mashine yake. Hata shangazi yangu hasikii vizuri." Alifunga kitabu ndani ya kitambaa tena. "Nakirudisha."

"Kwangu?"

"Kwa boksi. Pale pale chini. Sitaki ajue nimekiona."

Nilimwachia akaenda nacho. Mama mboga alinigombeza kwamba nimepoteza mali, na kwamba shangazi asiyesikia vizuri ni shahidi mzuri sana kwa mtu anayeficha. Nilimwambia namwamini yule mwanamke. Ni kweli, namwamini, isipokuwa siku nyingine.

Bado huja, si mara nyingi kama zamani, na rasta zake sasa zinakaa muda wake. Tunasoma chochote kinachopatikana. Ananiambia kwamba akifika nyumbani mumewe humuuliza, "Leo mmesoma nini?" na yeye humsimulia wakila, kisa kizima hadi mwisho. Kile cha kinanda hawajawahi kukitaja. Nimemuuliza kama humsimulia kama nilivyosoma mimi, na akasema ndiyo, haraka mno. Nashuku anambadilishia miisho.